Sikio Likiuma Busan: Maneno ya Kikorea kwa Baharia na Mwanafunzi wa Mombasa

Makala haya ni ya kijana wa Mombasa aliye njiani kwenda Korea Kusini, na ya yule ambaye meli itamfikisha huko bila yeye kupanga. Wa kwanza mara nyingi ni mwanafunzi aliyepata udhamini wa serikali ya Korea. Huyo kwa kawaida hutumia mwaka wa kwanza kujifunza lugha, lakini mafua hayamngoji amalize kozi. Wa pili ni baharia. Ukikaa Mama Ngina jioni, chini ya mibuyu, na mihogo yako ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, unaziona meli zikipita karibu nawe kuingia na kutoka Kilindini. Baadhi ya vijana wanaozitazama leo watakuwa ndani yake baada ya miaka miwili mitatu, na Busan ni mojawapo ya bandari kubwa za makontena duniani.

Uhusiano huo wa Mombasa na meli za Korea si wa jana. Tarehe 9 Oktoba 2010 maharamia wa Kisomali waliiteka karibu na Lamu meli ya uvuvi ya Kikorea, Keummi 305, ambayo hapa ilijulikana kama Golden Wave na ilikuwa ikitokea Mombasa. Ndani yake mlikuwa na watu 43: Wakorea 2, Wachina 2 na Wakenya 39. Waliachiliwa Februari 2011. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha ni akina nani wanaovuta nyavu kwenye meli za namna hiyo, na kwa nini lugha ya nahodha ni jambo la kufikiriwa mapema.

Katika Kikorea chote, nimechagua maneno ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo kwa sababu moja. Mguu ukivunjika, daktari anauona. Sikio linalovuma halionekani, na lisiposemwa halitibiwi. Mtu huvumilia wiki, huvumilia mwezi, akidhani ni mafua yatakayopita, kumbe uwezo wa kusikia unapotea na mwingine haurudi tena. Aliye ugenini huvumilia zaidi kwa kuona haya ya lugha. Haya hiyo inaondoka kwa maneno machache, na mengi yake unaweza kuyashika kabla ya kupanda ndege.

Tuanze na matamshi. Mzawa wa Mji wa Kale, wa Kibokoni au Kuze, anaingia darasa la Kikorea akiwa na kitu ambacho wengine hukitafuta kwa shida. Kwa Kimvita, kaa la moto na k'aa wa pwani hayatamkwi sawa, kwani la pili hutoka na pumzi. Vivyo hivyo paa la nyumba na p'aa wa porini. Kikorea kina tofauti hiyo hiyo, na mtu asiyeitia maanani hasikiki vizuri. Kwa hiyo katika makala haya, alama ya ritifaa baada ya k, p, t au ch inamaanisha toa pumzi kama mama na bibi walivyokufundisha. Ng' ni ile ya ng'ombe, nayo Wakorea wanayo tele, ila huiweka mwishoni mwa silabi. Herufi ikiandikwa mara mbili, kama kk au tt, ibane bila pumzi yoyote. Irabu zao ni nyingi kuliko zetu; hapa nimezibana katika zetu tano, na daktari atakuelewa kwa sababu anajua umekuja kwa ajili ya nini.

Jifunze pia kusoma. Maandishi ya Kikorea, Hangul, yalitangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, na herufi zake za msingi ni 24 tu. Mtu mwenye bidii huzishika kwa siku chache. Faida yake utaiona barabarani, kwa sababu kliniki unayoitafuta huwa ghorofani katika jengo lenye mabango mengi, na bango lake limeandikwa 이비인후과. Hilo husomwa ibi-inhukkwa: i ni sikio, bi ni pua, inhu ni koo, na kkwa ni idara. Ukikariri neno moja tu katika makala haya, liwe hilo. Mwonyeshe dereva wa teksi, mwulize mwenye duka: "Ibi-inhukkwa odieyo?", yaani iko wapi.

Habari njema ni kwamba kliniki hizi ziko kila mtaa. Kwetu Mombasa daktari bingwa wa masikio huonekana kwa rufaa, kwa kliniki ya siku maalumu katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji bado wanaiita Makadara, au katika hospitali za kulipia. Korea, bingwa huyo ana chumba chake juu ya duka la dawa, na unaingia bila miadi na bila barua. Hospitali kubwa za chuo kikuu ndizo zinazotaka barua ya rufaa ili bima ilipe. Kwa hiyo usikimbilie hospitali kubwa kwa ajili ya sikio lililoziba. Anza na kliniki ya mtaani. Nyingi hufunga Jumapili, hufanya kazi nusu siku Jumamosi, na hupumzika saa moja mchana kwa chakula.

Ukiingia, salimia: "Annyong'haseyo." Inamisha kichwa kidogo. Mapokezi watakuuliza kama ni mara yako ya kwanza: "Ch'oum osyossoyo?" Jibu "Ne", ndiyo. Watataka kitambulisho, "sinbunjjung'", nawe utoe kadi yako ya ukaazi wa mgeni au pasipoti. Tangu Mei 2024 sheria yao inawataka wahakikishe utambulisho wa anayetumia bima, basi usiondoke bwenini au melini bila kadi. Kisha sema ukweli wako mapema: "Han-gung'mal jal mot'eyo", sijui Kikorea vizuri. Na ongeza "Ch'onch'onhi malhe juseyo", tafadhali sema polepole. Wakikusemesha mengi, nyosha simu au karatasi: "Sso juseyo", niandikie tafadhali.

Angalia ule mwisho wa -yo. Ndio unaobeba heshima. Ukiuacha, umemsemesha daktari kama unavyomsemesha mdogo wako. Daktari mwenyewe huitwa "sonseng'nim", jina lile lile wanalomwitia mwalimu, na haifai kumwita kwa jina lake.

Sasa sentensi yenyewe. Daktari atauliza "Odiga ap'useyo?", wapi panauma, halafu "Onjebut'oyo?", tangu lini. Basi kila unachosema kinapaswa kujibu mambo matatu: kiungo gani, upande gani, tangu lini. Viungo ni vitatu, na katika mazungumzo majina yake si yale ya kwenye bango: sikio ni kwi, pua ni k'o, koo ni mok. Inauma ni "ap'ayo". Ukiunganisha unapata "Kwiga ap'ayo" (귀가 아파요), sikio linauma; "K'oga ap'ayo" (코가 아파요), pua inauma; "Mogi ap'ayo" (목이 아파요), koo linauma. Hilo la mwisho lina mtego: mok ni koo na pia ni shingo, kwa hiyo gusa mahali kwa kidole unaposema.

Upande wa kulia ni "orunjjok", wa kushoto ni "wenjjok", pande zote mbili ni "yang'jjok". Tangu jana ni "ojebut'o", tangu siku tatu zilizopita "samil jonbut'o", tangu wiki moja iliyopita "iljuil jonbut'o", tangu mwezi mmoja uliopita "han dal jonbut'o". Mtu anayesema "Wenjjok kwiga ap'ayo, samil jonbut'o" amempa daktari zaidi ya nusu ya anachohitaji. Zungumza hivyo bila kujali sarufi. Sijaona faida ya kukariri sentensi ndefu za vitabu ambazo mtu huzisahau homa inapopanda.

Sikio nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo linaloharibika kimya kimya, hasa kwa baharia. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, zilizoanza kazi mwaka 2014, zinaruhusu kelele ya hadi desibeli 110 katika chumba cha mitambo, na zinataka mtu avae kinga ya masikio inapozidi 85. Katika desibeli 85 sikio huvumilia zamu ya saa 8. Ikifika 100, wataalamu huhesabu kuwa dakika 15 kwa siku zinatosha. Anayeingia kwenye injini bila kinga kwa sababu ana kazi ya dakika chache tu anajidanganya. Dalili ya kwanza si maumivu. Ni mlio mwembamba unaobaki sikioni usiku, ukiwa umelala na mashine ziko mbali. Mlio huo unasemwa hivi: "Kwieso soriga nayo" (귀에서 소리가 나요), sauti inatoka sikioni. Na kutosikia vizuri ni "Kwiga jal an tullyoyo" (귀가 잘 안 들려요). Ongeza kazi yako: "Jonun sonwonieyo", mimi ni baharia, na "Kigwansireso ilheyo" (기관실에서 일해요), nafanya kazi katika chumba cha mitambo. Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa, kwa kuwa itamfanya daktari aagize "ch'ong'nyok komsa", kipimo cha usikivu. Utaingia kwenye kibanda kidogo, uvishwe vipokea sauti, na ubonyeze kitufe kila unaposikia mlio hata ukiwa hafifu.

Lipo jambo la dharura hapa ambalo wengi hawalijui. Ukiamka asubuhi sikio moja limekufa ganzi ghafla, halisikii, hakuna nta wala maji, usiseme litafunguka lenyewe. Wakorea huliita tolbalsong' nanch'ong' (돌발성 난청), uziwi wa ghafla. Tiba yake huanza kwa dawa za steroidi, na huwa na nafuu zaidi zikianza siku za mwanzo. Baada ya wiki chache nafasi ya kupona hupungua sana. Sema "Kapjagi an tullyoyo", ghafla sisikii, na useme siku iyo hiyo, hata kama meli inapakia.

Wengine shida yao ni maji. Waliolelewa wakijirusha baharini kutoka kingo za Mama Ngina na Mzizima wanajua sikio linavyojaa na kuwasha baada ya kuogelea. "Kwie muri turogassoyo" (귀에 물이 들어갔어요), maji yameingia sikioni. Usaha ukitoka: "Kwieso korumi nawayo." Na hapa nawasihi: semeni mlichokwisha kutia. Nyumbani kwetu sikio likiuma hudondoshewa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, au kitu kingine ambacho bibi anakiamini. Kama ngoma ya sikio imetoboka, mafuta hayo hupita hadi ndani. Daktari hatakukaripia, lakini anahitaji kujua: "Kwie kirumul noossoyo", nimetia mafuta sikioni. Pamba za vijiti ziache kabisa, maana husukuma nta ndani zaidi, na nta, "kwiji", daktari huitoa kwa dakika chache mbele ya macho yako.

Naam, mbele ya macho yako. Pembeni mwa kiti cha kliniki hizi huwa pana skrini, na daktari anapoingiza kamera nyembamba sikioni au puani wewe mwenyewe unaona njia ya sikio lako, unywele kwa unywele, mpaka kwenye ngozi ya ngoma iliyo kama lulu. Ikiwa nyekundu na imetuna, utaiona hata kabla hujaelezwa. Tumia nafasi hiyo. Elekeza kidole, uliza "Igo mwoyeyo?", hiki ni nini, kisha tafuta jibu kwenye simu. Kamera hiyo wanaiita nesigyong'.

Akiwa kazini, daktari atatoa amri fupi fupi na ni vizuri uzitambue. "A haseyo" ni fungua mdomo useme aa. "Umjigiji maseyo", usitikisike; hili ni la kutii hasa, chombo kikiwa sikioni. "Sum ch'amuseyo", zuia pumzi. "Ttakkumheyo", itachoma kidogo. Ukiumia mno inua mkono wako, useme "Ap'ayo".

Koo sasa, na kwanza mwiba wa samaki. Mtu wa pwani anakula changu na tasi tangu utotoni, na Busan ni mji wa samaki vilevile, basi siku moja mwiba utakwama. Sentensi yake ni ndefu kidogo, lakini ishike: "Moge seng'son kasiga kollyossoyo" (목에 생선 가시가 걸렸어요). Ile dawa yetu ya kumeza tonge kubwa la ugali au wali bila kutafuna, au ndizi nzima, iache. Tonge laweza kuuchomeka mwiba ndani zaidi au kulichana umio. Daktari wa koo anao mkono wa chuma mwembamba na taa, na mara nyingi huutoa mwiba huo ukiwa umekaa kitini. Kama huwezi kumeza hata mate, au damu inatoka, au kifua kinauma, hiyo si kazi ya kliniki. Nenda idara ya dharura, "ung'gupsil".

Kuumia unapomeza ni "Samk'il tte ap'ayo". Sauti kukauka ni "Moksoriga swiossoyo". Kikohozi ni kich'im, makohozi ni kare, homa ni "Yori nayo".

Jambo jingine la kwetu. Kuna watu wazima pwani na bara ambao walikatwa kimeo utotoni, kwa imani kwamba kinaleta kikohozi. Madaktari hawaipendekezi desturi hiyo. Imeacha watoto wakivuja damu na wengine kupata maambukizi. Lakini aliyekwisha kukatwa hana sababu ya kuona aibu. Daktari wa Korea akiangalia kooni asikione kimeo anaweza kudhani ni ugonjwa au upasuaji wa karibuni. Mwondolee shaka: "Oril tte jallassoyo" (어릴 때 잘랐어요), kilikatwa nilipokuwa mdogo.

Kuhusu pua sitakawia. Imeziba: "K'oga mak'yossoyo" (코가 막혔어요). Makamasi yanatoka: "K'onmuri nawayo." Majira ya baridi kule hewa ni kavu na vyumba hupashwa moto usiku kucha, na aliyezoea unyevu wa Mombasa hushangaa kuona pua inatoka damu: "K'op'iga nayo" (코피가 나요). Usiinamishe kichwa nyuma. Inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia, na upumulie mdomoni. Isipokoma, nenda. Aliye na mtoto ajue pia kwamba betri ndogo ya duara, kama ya saa, ikiingia puani au sikioni hula nyama ndani ya saa chache. Hiyo haingoji kesho.

Kabla ya dawa, yapo mambo ambayo ni lazima uyaseme hata kama hukuulizwa. "P'enisillin allerugiga issoyo", nina mzio wa penisilini. "Tang'nyoga issoyo", nina kisukari. "Kohyorabi issoyo", nina presha. Zile steroidi nilizozitaja hupandisha sukari, na baadhi ya dawa za kuzibua pua hupandisha presha. Kisukari na presha zimeingia nyumba nyingi za Mombasa. Mwenye nazo asinyamaze. Mjamzito aseme "Imsin jung'ieyo".

Majina ya magonjwa utayasikia mara moja na kuyasahau, ila shika silabi moja: yom. Ikiwa mwishoni mwa jina, kuna uvimbe wenye moto. Jung'iyom ni wa sikio la kati, weidoyom wa njia ya nje ya sikio, biyom wa pua, p'yondoyom wa tonsili. Ch'ung'nong'jjung' ni mkusanyiko wa usaha katika matundu ya mifupa ya uso, ule unaoumiza paji ukiinama.

Ukitoka chumba cha daktari huenda ukakalishwa kwenye safu ya viti, mbele ya mashine inayotoa mvuke wa dawa, uvute kwa pua au mdomo kwa dakika chache. Halafu unalipa mapokezi: "Olmayeyo?", ni pesa ngapi. Mgeni anayekaa Korea zaidi ya miezi 6 huingizwa katika bima ya afya ya taifa kwa lazima, sheria iliyoanza Julai 2019, na mwenye bima hiyo kwa kawaida hulipa asilimia 30 katika kliniki ndogo. Baharia aliyeshuka kwa siku mbili hana bima hiyo. Yeye apitie kwa ajenti wa meli, na asiondoke bila risiti, "yong'sujung'".

Kliniki haitakupa vidonge. Tangu mwaka 2000 daktari wa Korea huandika cheti, ch'obang'jon, na dawa hutolewa duka la dawa, yakkuk (약국), ambalo kwa kawaida liko chini ya jengo lilo hilo. Utapewa mkanda wa vifuko vidogo, kila kimoja kina vidonge vyote vya mara moja, asubuhi, mchana na jioni. Mfamasia atasema "Haru se bon, sik'u samsip pun": mara tatu kwa siku, dakika 30 baada ya kula. Swali moja mwanafunzi anaweza kuliruka, baharia haliruki: "Jollin yagieyo?", hii ni dawa ya kuleta usingizi? Dawa nyingi za mafua na mzio husinziza. Mtu wa zamu ya usukani, au anayepanda ngazi ya meli baharini, ana haki na wajibu wa kujua. Na antibayotiki imalize kama ulivyoandikiwa, usimgawie mwenzako nusu.

Sasa haki zako. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya na Korea Kusini zote ziliuridhia, unampa baharia haki ya kumwona daktari bandarini bila kucheleweshwa pale inapowezekana, na unataka matibabu akiwa kazini yasimgharimu. Mkataba huo hauzihusu meli za uvuvi. Wavuvi wana wao, nambari 188 wa mwaka 2007, unaotaka mvuvi aliyeumia au kuugua vibaya afikishwe nchi kavu kwa wakati. Kabla ya kutia saini chochote Mombasa, soma kifungu cha matibabu katika mkataba wako wa kazi; kama hakimo, uliza Mamlaka ya Bahari Kenya. Nahodha umwambie hivi kwa adabu: "Pyong'wone kago sip'oyo" (병원에 가고 싶어요), nataka kwenda hospitali.

Panapokuwa na hatari, piga 119, ndiyo nambari ya gari la wagonjwa na zimamoto. "Sumul mot swioyo" (숨을 못 쉬어요), hawezi kupumua, au siwezi kupumua. Sentensi ni ile ile. Simu ya wageni 1330 hujibiwa hata kwa Kiingereza na huweza kukusaidia kuelewana na mtu aliye mbele yako.

Yaliyobaki yafanye ukiwa bado Mombasa. Cheti cha afya cha baharia hudumu si zaidi ya miaka 2, na kipimo cha masikio kimo ndani yake. Omba nakala ya matokeo yako ya usikivu na uihifadhi kwenye simu, ili daktari wa Busan aone sikio lilikuwaje kabla ya injini. Kisha chukua kadi ngumu, uandike kwa Hangul mstari mmoja wa mzio wako na mwingine wa ugonjwa ulio nao. Mwenye mzio wa penisilini aandike 페니실린 알레르기가 있어요, mwenye kisukari 당뇨가 있어요, mwenye presha 고혈압이 있어요. Chini yake andika jina la kila dawa unayokunywa kama lilivyo kwenye boksi. Itie nailoni, na uiweke pamoja na kitabu chako cha baharia.